Gari Lililopakwa Oili Tumboni

Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya bodi ya pikapu, mkono wa kushoto umebanwa na chuma, dizeli inanidondokea shingoni. Mananasi yamenizunguka pande zote. Ilikuwa alasiri, jua kali, na kwa upande nilioelekea nilikuwa naona tairi moja la mbele limening'inia hewani, linazunguka taratibu kama halina habari. Nilimwita mume wangu. Kimya. Nikamwita tena, safari hii kwa jina lake hasa, jina ambalo silitamki mbele za watu tangu tulipopata mtoto wa kwanza. Kimya. Halafu nikasikia sauti ya bibi mmoja tuliyempa lifti Fukayosi, aliyekaa mbele karibu naye. Alikuwa anatamka shahada polepole, neno kwa neno, vile anavyotamkiwa mtu anayekata roho. Nikajua mume wangu anakwenda, na mimi nimebanwa hapa, siwezi hata kumshika mguu.

Hakufa, alikuwa amezirai tu. Ninapoandika haya yuko uani amekalia kigoda anapeta mchele, kwa sababu mimi kwa mkono mmoja ungo haunitii. Anapeta vibaya, chuya zinabaki, tunazitemea pembeni mwa sahani na sisemi kitu. Na yule bibi hakuwa anamtamkia yeye. Alikuwa anajitamkia mwenyewe. Aliniambia baadaye hospitalini: "Mwanangu, niliona mbele kumekuwa juu na nyuma kumekuwa chini, nikajua ndiyo safari yenyewe, nikaona nisikutwe sijasema." Alikuwa hana hata mchubuko.

Kwa hiyo nianze na shukrani, maana ninazo nyingi na sitaki mtu asome huku mbele akadhani mimi ni mtu wa kinyongo tu. Namshukuru Mungu kwamba gari lilikuwa la dizeli. Lingekuwa la petroli, kwa jinsi tangi lilivyopasuka na injini ilivyokuwa ya moto, mngesomewa habari yangu kwa ufupi. Nawashukuru watu wa mashamba ya mihogo, upande ule wa Makurunge, waliokuja mbio na majembe mikononi. Wanawake ndio waliofika kwanza. Waling'oa nguzo ya ua wa mtu, wakaitia chini ya bodi, wakaining'inia wote upande mmoja, na mwanamke mmoja mnene akawa anahesabu na kuwatukana wanaume waliokuwa wanachelewa. Bodi ikanyanyuka kidogo, nikavutwa kwa miguu. Mtu mmoja alivua shati lake akanifunga nalo mkono. Hilo shati sikulirudisha na mwenyewe simjui. Na mananasi hayakuguswa. Watu wanasemwa sana kwamba gari likianguka wanakuja kuchota. Wale waliyaokota wakayapanga kando ya barabara, na mama mmoja akatandika kanga yake akayakalia ulinzi mpaka shemeji yangu alipokuja kuyachukua.

Namshukuru na muuguzi aliyekuwa ananiosha kidonda. Alikuwa na mdomo mchafu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mama.

Hao wote nimewashukuru na nitawashukuru. Ila kuna mtu mmoja nilimshukuru kabla ya siku ile, nikamwombea dua, nikampelekea na zawadi, naye ndiye aliyeniweka chini ya bodi ile. Ni fundi wa kuchomelea hapa hapa Bagamoyo. Mtaani wanamjua, simtaji jina kwa sababu jina lake si langu kulitangaza, lakini akisoma haya atajijua. Bado anachomelea. Kila siku gari linaingia pale kwake na lingine linatoka, na yanayotoka yanapita barabara hii hii yamebeba watu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, siyo mkono.

Mimi niliishia darasa la nne. Naandika kama ninavyosema, mnivumilie.

Biashara yangu ilikuwa mananasi. Nanunua huko mashambani, Fukayosi na vijiji vya ndani, nauza sokoni Bagamoyo na kwa wenye vibanda vya Mapinga wanaowauzia watu wa mjini wanaokuja kuangalia viwanja vyao. Miaka yote nilikuwa nakodi gari, na mwenye gari ndiye anayekula faida. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mchanga, amezeeka na malori ya watu. Tukasema hapana, tutafute pikapu yetu, ya dizeli, hata kama imetumika.

Tukaisikia moja iko Mapinga kwa dalali. Dalali mwenyewe anauza viwanja, ila na gari akipata anauza, na mbuzi akipata anauza. Hatukumwambia tunakuja. Hiyo ilikuwa akili ya mume wangu. Alisema gari la dizeli ukitaka kulijua ulikute limelala. Ukimpigia mwenyewe simu, ataliwasha kabla hujafika, lipate moto, na gari likishapata moto linaficha maradhi kama mtu aliyemeza dawa. Tulifika asubuhi mapema, dalali bado ana mswaki mdomoni. Jambo la kwanza mume wangu aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akatabasamu.

Mambo aliyoyafanya siku ile nayakumbuka yote, na mengine leo nayafanya mwenyewe kwa magari ya watu, wakija kuniita. Alifungua rejeta, akachungulia maji kama yana mafuta juu. Akachomoa kijiti cha oili, akainusa, akaisugua katikati ya vidole. Akawasha. Moshi mweusi kidogo wa kuamkia, ukakata. Akasema moshi mweusi ni njaa tu ya hewa, mweupe usiokata ndio ugonjwa, wa buluu ni msiba. Injini ikiwa inanguruma akafungua kifuniko cha oili, akakiweka tu juu ya tundu bila kukifunga, tukatazama kama kitarukaruka. Kilitulia. Akaniambia kwa sauti ya chini, mama watoto, injini hii ni nzima. Na ilikuwa nzima kweli. Mpaka pikapu inavunjika, injini ilikuwa nzima. Namshukuru, hakukosea hata kimoja katika vile alivyovijua.

Tumboni ndiko nilikoingia mimi. Yeye mgongo wake ulishaharibika kwa malori, kulala chini hawezi kuinuka. Nikatandika kanga mchangani, nikajifunga nguo vizuri, nikaingia chini. Kulikuwa na wanaume wamekaa pale kibarazani wanasubiri chai. Mmoja akasema, "Mama, umedondosha hereni huko?"

Nikamjibu huko huko chini, "Natafuta akili zako, nimeambiwa ziliangukia hapa."

Walicheka, dalali akacheka zaidi yao wote, na mimi nilikuwa nimefurahi. Nakumbuka nilikuwa na furaha kabisa chini ya gari lile. Kwa sababu nilichokiona juu yangu kilikuwa kinang'aa. Chesisi, yale mabomba mawili marefu ya chuma yanayobeba gari zima, injini na kibanda na bodi, ilikuwa nyeusi tititi. Imepakwa oili chafu kutoka mbele mpaka nyuma, hata mahali pasipoonekana, kwenye pembe na kwenye vishimo. Nilipitisha kidole kikatoka cheusi.

Mtu asiyekuwa wa pwani hataelewa kwa nini nilifurahi. Kwetu oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini ikishatumika, haitupwi. Marehemu baba alikuwa na debe lake la oili chafu nyuma ya nyumba. Nguzo za ua alizipaka, miguu ya mlango wa banda aliipaka, mchwa asisogee. Chuma chochote kikaacho karibu na maji chumvi kinapakwa, maana hewa yetu inakula chuma hata kama hakijaguswa na bahari. Ukienda nyumba ya mtu ukaona nguzo zake nyeusi, unajua humo ndani kuna mtu anayejali. Asiyepaka ni mvivu au hana mtu. Kwa hiyo mimi nililelewa hivyo, kitu kilichopakwa oili ni kitu kilichopendwa. Sikuona rangi. Niliona mapenzi ya mtu.

Nikatoka, nikajipangusa mchanga, nikamwambia mume wangu mbele ya dalali, "Huyu mwenye gari ni mtu."

Dalali akadaka hapo hapo. Akasema, dada yangu umeona mwenyewe, mzee huyo kila akitoka safari lazima alale chini na brashi. Alikuwa anabebea vifaa vya ujenzi tu, simenti na mabati, njia kavu.

Tuliinunua. Tukasomewa dua nyumbani, tukagawa maandazi kwa watoto wa mtaa.

Naogopa mtu atadhani pikapu ile ilikuwa balaa toka mwanzo. Hapana. Ilitufaa sana. Ilibeba mananasi yangu, ikabeba mabati ya nyumba tunayolala leo, ikabeba harusi mbili za upande wa mume wangu, watu wamejaa bodini na ngoma. Siku moja ilibeba maiti ya jirani kumrudisha kwao kuzikwa, hatukuchukua hata senti, na mpaka leo familia ile ikiniona inaniita mama kwa moyo. Vitu hivyo nisingevifanya na gari la kukodi. Niliishukuru ile pikapu kwa maneno, nikiwa peke yangu, kama unavyomshukuru mnyama.

Na tuliitunza. Mume wangu alikuwa na siku yake, Ijumaa asubuhi kabla hajaoga kwa ajili ya msikiti. Anafungua kale kaskrubu kwenye chujio la dizeli, anakamua maji yaliyojikusanya chini, mpaka itoke dizeli tupu. Dizeli ya vituo vyetu vingine ina maji, na maji yakifika kwenye nozeli zinazorushia injini mafuta, utauza mpaka kitanda. Anapuliza chujio la hewa kwa vumbi la mashambani. Anapiga grisi viungo vya propela, ule mtaimbo unaozungusha tairi za nyuma. Mimi kazi yangu ilikuwa tumbo. Kwanza maji baridi ya kisima kuondoa chumvi na tope, likishakauka naingia na brashi na kopo la oili chafu. Napaka pembe zote, navipaka na vishimo. Nilikuwa naimba huko chini.

Hebu fikirini. Kila mwezi nilikuwa nalala chini ya uongo wao, naupaka upya kwa mkono wangu.

Ikaja siku nikaona kitu. Kati ya kibanda cha dereva na bodi kuna nafasi, na kwa juu nafasi hiyo ilikuwa inapitisha mkono wangu. Nilikuwa nafunga kamba ya turubai hapo kila safari, kwa hiyo mkono wangu ulipazoea. Siku hiyo mkono haukupita. Vidole vilipita, kiganja kikagoma. Nilidhani nimenenepa, nikacheka. Baada ya hapo gari likipanda tuta barabarani likawa linatoa mlio, kro, mmoja tu, kama mtu anavunja mfupa wa kuku. Mlango wa kushoto ukawa unafungika kwa kuupiga.

Nikamwambia mume wangu bodi inakisogelea kibanda. Akatazama, akasema labda mipira inayokaliwa na bodi imekwisha, inakaa upande. Lakini yeye ni mtu wa injini na alijua mwisho wake, akasema, twende kwa fundi wa kuchomelea atazame chini, huyo ndiye mtu wa vyuma.

Na fundi wa vyuma kwetu ni yeye. Hata madirisha ya nyumba yangu, zile nondo, ni kazi yake. Mshono wake mzuri. Mafundi wengine mshono wao ni kama kinyesi cha kuku, samahanini. Wake unajipanga kama magamba ya samaki, moja limelalia lingine, na akifika mwisho anarudi nyuma kidogo, kama mshonaji anayerudisha sindano ili uzi usifumuke. Watu wanakuja toka Mapinga kumfuata.

Tukafika, tukasalimiana vizuri, akauliza watoto, akauliza biashara. Mume wangu akamweleza mlio. Fundi akachukua kipande cha boksi, akakitandika, akaingia chini na tochi. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu yake. Niliiona inasogea, anajivuta kwa visigino kwenda mbele, anagongagonga na nyundo, ngo, ngo, ngo, sauti ya chuma kizima. Halafu nyundo ikagonga, ikatoa sauti nyingine, butu, kama kugonga ndoo yenye mchanga. Mara moja tu. Hakugonga tena. Miguu ikatulia. Ilitulia muda mrefu hata mume wangu akainama kumwuliza kama kuna kitu kimemwingia jichoni.

Akasema, "Hapana, natoka."

Akatoka. Akajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Hakumtazama mume wangu, alitazama gari. Akasema, "Ni mipira ya bodi tu, kaka. Endeni, hamna kitu."

Mume wangu akaingiza mkono mfukoni. Fundi akamshika mkono akaurudisha. Akasema kwa kutazama tu hachukui hela, sisi ni watu wa nyumbani.

Tukaondoka tunamsifu. Mume wangu njiani akasema siku hizi fundi akikufungulia boneti tu anataka hela, lakini huyu bado ana utu, Mwenyezi Mungu amzidishie. Nikasema amina. Ramadhani ilipoingia nilimchagulia mananasi mazuri, yale yanayonukia hata hujayakata, nikampelekea kwa ajili ya futari. Aliyapokea kwa mikono miwili. Akasema ahsante dada, na macho yake yalikuwa chini. Nikadhani ni adabu ya mfungo.

Siku ya ajali mbele alikaa bibi. Alikuwa anakwenda kliniki ya macho, na huwezi kumpandisha mtu mzima juu ya mananasi wakati wewe umekaa kwenye kiti. Nikapanda mimi nyuma. Tulikuwa tumeshatoka njia ya vumbi, tumeshika lami, mume wangu anaendesha kwa adabu kwa sababu ya bibi. Tukapanda tuta. Nikasikia kro. Halafu nikasikia mlio ambao siujui hata wa kuufananisha, na gari likajikunja katikati, mgongo chini, pua juu. Usukani ukawa haushiki kitu. Tukaingia mtaroni, mimi nikarushwa na bodi ikanilalia.

Kilichovunjika kilikuwa nini, nilikijua nilipotoka hospitali. Pikapu ilivutwa mpaka nyuma ya nyumba ya shemeji. Aliyeivuta ni kijana wa bara, ana gari la kuvuta magari mabovu, na kama si yeye tungesema ni mapenzi ya Mungu yakaisha. Alitazama chini akaniuliza nani aliyeipaka oili. Nikamwambia mimi, na aliyekuwa nayo kabla yangu. Akasema, "Kwetu, mama, gari linalong'aa tumboni tunaliogopa. Tunauliza limeficha nini."

Akamwagia dizeli pale palipovunjika, akasugua kwa brashi ya waya. Oili ikaachia, tabaka juu ya tabaka, na chini yake kulikuwa na rangi nyeusi, na chini ya rangi kulikuwa na kipande cha bati nene kimeviringishwa juu ya chesisi kama bandeji. Pande zote mbili, kushoto na kulia. Ndani ya bandeji hakukuwa na chuma. Kulikuwa na magamba ya kutu, unayavunja kwa kucha, na kutu ile ilikuwa na weupe ndani. Akaniambia lamba. Nikalamba. Chumvi.

Mshono wa bandeji haukuachia. Ulikuwa mzima, mzuri, umepangana kama magamba ya samaki, na mwishoni umerudi nyuma kidogo. Kilichochanika ni chuma kibovu kando yake. Shemeji akaniambia labda mafundi wote wanachomelea hivyo.  Nilirudi kwangu nikasimama mbele ya nondo za dirisha langu.

Mwenye gari wa kwanza nilimpata kwa simu. Huyo namtaja wa pili katika waliokosa. Hata hakubisha sana. Alikiri gari lilikuwa linabeba chumvi, miaka na miaka, inatoka mashamba ya chumvi ikiwa bado mbichi, inachuruzika maji bodini usiku na mchana. Alisema chesisi ilipoanza kuoza alitaka kuiuza kama skrepa, lakini dalali akamwambia mpelekee fundi fulani, ataitia nguvu, halafu paka. Akasema, mama, mimi nililipa nitengenezewe, sikulipa nidanganyiwe. Dalali ndiye wa tatu. Simu yake haipatikani kwangu, ingawa viwanja anauza mpaka leo na bango lake liko barabarani.

Hao wawili niliwasema, nikawalaani, na Mungu anisamehe, nimechoka nao. Walitaka hela, na mtu anayetaka hela namwelewa. Fundi simwelewi. Kuchomelea mara ya kwanza labda aliambiwa hili litakaa uani, litabeba majani ya ng'ombe. Sawa. Lakini sisi tulimpelekea gari mpaka miguuni pake. Alilala chini, akaisikia ile sauti butu, akaijua kazi yake, na sisi tumesimama hapo, watu anaotujua, tuliotengeneza madirisha kwake. Neno moja lingetosha. Angesema tu, dada, msilipakie. Wala asingehitaji kueleza.

Nilikwenda kwake mkono ukiwa bado na plasta. Alikuwa na wateja wawili. Nikamwonyesha picha ya mshono kwenye simu, nikamwuliza kama anaujua. Akaitazama, akasema gari ni chuma, na chuma kina siku yake.

Nikasema, "Sikuulizi chuma. Siku ile ulipolala chini uliona nini?"

"Niliona oili."

"Hata mimi niliona oili. Lakini mimi sikuwa najua kilichoko ndani yake."

Wateja wakageuka kumtazama. Akavuta miwani yake nyeusi ya kuchomelea, akaivaa, akasema kwa upole kabisa, kama anayempa mgonjwa pole, "Si umepona, dada? Mshukuru Mungu basi."

Nikaondoka. Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwamini hata pale, kidogo, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimepona.

Sasa jibu ninalo. Mungu namshukuru, asubuhi na jioni, na sihitaji kukumbushwa na wewe. Nawashukuru wanawake wa mihogo, namshukuru mwenye shati, namshukuru mume wangu na mchele wake wenye chuya. Kupona kwangu ni kazi yao. Wewe huna fungu humo, usijifiche nyuma yake kama ulivyolificha lile bati nyuma ya oili.

Na sikudai mkono. Sikudai gari. Watu wamenishauri niende kwa wazee wa msikiti, wengine polisi, na labda nitakwenda. Lakini kwanza nataka unijibu kitu kimoja, kwa kinywa chako, mbele ya watu, pale pale kwenye banda lako. Bandeji ile haikuwa ya kwanza kwako. Mkono uliofanya mshono ule haukuwa unajifunza. Kuna pikapu nyingine zinatoka mashamba ya chumvi, zinauzwa Mapinga zikiwa zinang'aa tumboni, na leo hii kuna mama amekaa juu ya mzigo kwa sababu amempisha mtu mzima kiti cha mbele. Wewe unazijua. Ni zipi? Zitaje, moja moja, na nani anaziendesha.